Amshikaye Mgonjwa Naye Huumia

Juma lililopita tulikwenda hospitali moja ya mkoa kumjulia hali mwanachama mwenzetu, mhudumu wa wodi. Hakuwa na homa. Bega lake la kulia liliteguka usiku alipokuwa akimzuia mgonjwa wa akili aliyetaka kuruka dirishani. Zamu ile walikuwa wawili tu, yeye na muuguzi mmoja mwanamke, kwa wodi nzima.

Kazi hii yataka watu watano: wanne wa mikono na miguu, na wa tano alinde kichwa huku akisema na mgonjwa kwa upole. Wakiwa wawili huwa ni mieleka. Hapo ndipo mtu ang'atwapo, avunjwapo kidole, au achomwapo na sindano iliyokwisha kuingia mwilini mwa mgonjwa. Mwenye kuchomwa hivyo ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na kila saa ipitayo yampunguzia kinga.

Tulimwuliza ndugu yetu kama ajali yake imeandikwa. Alicheka. Mkubwa wake alimwambia, "Hiyo ndiyo kazi uliyoiomba."

Neno hilo twalikataa. Mpasua mawe akiangukiwa na jiwe, nani humwambia kuwa aliliomba? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 yawahusu watumishi wa serikali na wa makampuni vile vile katika Tanzania Bara, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Lakini Mfuko haulipi ajali usiyoijua. Mkubwa anyamazapo, fidia nayo hunyamaza.

Wako wasemao kuwa madai haya yatawachongea wagonjwa. Sivyo hata kidogo. Yule mgonjwa, akili zilipomtulia asubuhi, alimwomba radhi mhudumu kwa machozi. (Mkubwa hajaomba mpaka leo.) Lawama yetu ni kwa wapangao zamu ya watu wawili, kisha wakaenda kulala.

Basi kila mhudumu na muuguzi aandikishe ajali yake siku ile ile, abaki na nakala, na nyingine ailete tawini. Taarifa ya ndugu yetu tumeiandika sisi, maana mkono wake wa kuandikia bado umefungwa. Jumatatu twaipeleka kwa mganga mkuu.