Balbu Kali Si Dawa ya Giza



Sisi tunaowaandikisha madereva wa taksi, malori na boda boda hapa Kibuli tunasikia vilio viwili kila siku. Wa kwanza anasema taa za gari lake ni dhaifu, usiku haoni. Wa pili anasema anapofushwa na taa za magari yanayokuja mbele yake. Kwa maoni yetu vilio hivi ni kimoja. Kutia balbu kali kupita ile ambayo taa ilitengenezewa si maendeleo. Ni kuliondoa giza machoni pako na kulitia machoni pa mwenzako.

Hatusemi haya ili kuwalaumu madereva. Tunaijua barabara ya Masaka na ile ya Gulu wakati wa usiku. Lori limekufa katikati ya njia, alama yake ni matawi ya miti tu. Ng'ombe wanavuka, watu wanatembea kando bila cha kung'aa mwilini. Dereva ana hesabu ya tajiri ya kutimiza, na mchana haukumtosha. Mtu kama huyo akiambiwa madukani Kisekka kwamba ipo balbu ya kugeuza usiku kuwa mchana, ataitaka. Lakini tuitazame kazi ya balbu yenyewe.

Magari yetu mengi yaliletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yana balbu ya H4. Balbu hiyo ya volti 12 ina nyuzi mbili: wati 60 za fulu na wati 55 za dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande juu. Bakuli la taa nalo limepimwa kufuata mahali hasa uzi ulipo. Ukitia LED ya bei rahisi, vijitaa vyake havikai pale pale uzi ulipokuwa. Mwanga hutawanyika, mwingine chini ya bampa, mwingine usoni mwa anayekuja. Dereva akiona lami ya karibu inang'aa hudhani anaona vizuri. Kumbe ule mng'ao wa karibu humfanya asione kilicho mbali.

Wengine hutia balbu za nyuzi zenye wati 100. Hesabu yake ni nyepesi. Balbu mbili za wati 60 huvuta ampea 10; mbili za wati 100 huvuta karibu 17. Waya na swichi za gari hazikuwekwa kwa mzigo huo. Soketi huyeyuka, bakuli hubabuka, na waya ukishika moto, aliye karibu nao ni dereva na abiria wake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2020, haikubali gari lenye hali ya kuhatarisha watu litembee njiani. Hata Ujerumani, ilipoanza kuruhusu LED za kubadilisha mwaka 2020, iliruhusu zile zilizopimwa tu, tena kwa aina za magari zilizotajwa. Haikumwachia kila mtu ajichagulie dukani.

Sasa tuulize: nani analipa? Tajiri humwambia dereva, "Jitafutie balbu." Dereva hununua anayoiweza. Trafiki akilisimamisha gari, anayeulizwa ni aliyeshika usukani, na faini hutoka mfukoni mwake. Boda boda akigongwa kwa sababu mtu alipofushwa, anayekwenda rumande ni dereva, naye tajiri amelala kwake. Jambo hili si haki, na chama hakiwezi kulinyamazia.

Kabla ya kununua balbu kali, dereva na fundi wafanye haya. Kioo cha plastiki kilichogeuka manjano kisuguliwe au kibadilishwe. Waya za taa na mahali zinaposhika bodi zisafishwe kutu, na chaji ya gari ipimwe, kwa kuwa umeme ukipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua karibu kwa thuluthi. Balbu zibadilishwe zote mbili pamoja, kwa wati zile zile. Kisha gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana mzigo wa nyuma huinua pua ya gari. Dimu ikiwashwa, ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi. Kazi hii haihitaji zaidi ya bisibisi, na wengi wakiifanya wataona taa za zamani zilikuwa zinatosha.

Madai yetu ni matatu. Wenye magari wanunue balbu sahihi na kulipa faini za ubovu wa gari wao wenyewe, na jambo hilo liandikwe katika mapatano ya kazi. Serikali iweke vyombo vya kupimia taa, ili dereva asihukumiwe kwa jicho la askari peke yake. Wauzaji wamweleze mnunuzi wazi kama balbu inafaa kwa taa ya gari lake.

Ndugu, ukitia kali, nami nikatia kali zaidi, mwisho wake sote hatuoni. Madereva wa Uganda walipounda chama chao mwaka 1938 walijua kwamba shida ya wote haiponi kwa ujanja wa mmoja. Basi tukikutana njiani usiku, tushushe dimu. Na madai haya tuyapeleke kwa matajiri pamoja, tukiwa na sauti moja.