Mbwa Abwekeaye Kila Kitu Halindi Kitu

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kuelekea Tabora akiwa na mbwa aliyeitwa Omar, kutoka Bombay, mlinzi wa hema lake. Omar alikufa baada ya msafara kuvuka mbuga ya Makata, wala hakuiona Unyanyembe.

Katika njia ile ya misafara kila sauti ilikuwa na maana yake. Msafara ulipokaribia Tabora ulifyatua bunduki, na wenyeji wakajua kwamba wageni wamefika. Lakini bunduki zingalilia kila saa, nani angalitoka kutazama?

Swali hilo yafaa waulizwe wafuga mbwa wa leo. Mbwa hubweka hodi ikibishwa, hubweka ndoo ikianguka, hubweka kengele ya baiskeli ya muuza maziwa ikilia. Jirani aliyekwisha zoea kelele hizo hatainuka siku mwizi atakapokuja kweli. Sungusungu walioanza Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipata nguvu kwa sababu yowe halikupigwa bure.

Wapo wasemao kwamba mbwa ndivyo alivyoumbwa. Huo ni nusu ya ukweli. Kubweka ni maumbile. Kubwekea ndoo ni malezi. Tena wengi humkaripia na kumpiga. Makaripio humfanya adhani bwana wake naye anabweka, na fimbo humzidishia hofu, ambayo ndiyo chanzo cha kelele nyingi.

Njia iliyo bora ni ya mwalimu mvumilivu. Mtu mmoja wa nyumbani agonge mlango polepole. Mbwa akinyamaza, apewe kipande cha nyama papo hapo. Akibweka, asipewe kitu. Mlango ugongwe kwa sauti ndogo zaidi, somo lianze upya. Kishindo kiongezwe siku hata siku. Amri iwe moja, "Kimya!", itamkwe kwa upole na wote nyumbani. Wala mbwa asifungwe mnyororo mchana kutwa, kwani upweke nao humbwekesha.

Kazi hiyo yataka majuma kadhaa, na samaki hukunjwa angali mbichi. Watumishi na walimu ndio wanaotazamwa mitaani. Nidhamu wanayoihubiri ofisini na darasani haina budi kuonekana uani kwao pia, ili mbwa wao akibweka usiku, mtaa mzima uamke.