Mkono Hausubiri Safari

Hoja iliyochapishwa kwamba maradhi adimu ya mikono si kazi ya hospitali za Unguja, kwamba mgonjwa asafirishwe India basi, inapingwa na ushahidi wa jirani zetu. Taarifa iliyotolewa mwaka 2002 kuhusu wagonjwa wa Dar es Salaam ilieleza ugonjwa wa mkono unaowapata wenye kisukari katika nchi za joto, ambao madaktari wa Nigeria walishauandika miaka ya 1980. Huanza na jambo dogo: mchubuko, au kung'atwa na mdudu. Mpara samaki wa Darajani mwenye kisukari huchomwa na mwiba, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi; kidole kinavimba, usaha unapanda kiganjani, nyama inaoza. Kinachokata mikono, na wakati mwingine kuua, ni kuchelewa. Sasa safari ya nje itamfaa nini, ilhali yenyewe ni kuchelewa?

Watasema hatuna mabingwa wa upasuaji wa mkono. Ni kweli wanahitajika, hasa kurekebisha mishipa na vidole vilivyokakamaa. Lakini saa za mwanzo zinadai kupima sukari, insulini, dawa ya sindano ya kuua vijidudu, na daktari wa upasuaji wa kawaida wa kutoa usaha na kuondoa nyama iliyokufa. Kliniki zetu za kisukari zinafundisha kutunza miguu. Zifundishe na mikono. Na wewe mwenye kisukari, kidole kikivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.