Malipo ya kahawa na seva isiyojua kungoja

Tuseme chama kimoja cha msingi huko Kamachumu, wilayani Muleba, kina wakulima 600 wanaodai fedha za kahawa. Mzigo umepita chama kikuu cha ushirika, KCU, umeuzwa kwenye mnada wa soko la bidhaa, TMX, na fedha zimeingia benki. Kilichobaki ni kazi ya programu iliyoandikwa na kijana wa Bukoba: kumtumia kila mkulima haki yake kwenye simu.

Programu inatuma ombi la kwanza kwa kampuni ya simu. Jibu la papo hapo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Kama fedha zimefika, habari hiyo huja baadaye: baada ya sekunde 3, dakika 2, au isije kabisa.

Seva ifanye nini muda wote huo?

Mtindo wa zamani ulikuwa rahisi kusoma: kila ombi lipewe uzi wake, yaani mkondo wake wa kazi, nao ukae ukingoja. Ila uzi wa kawaida wa Java hutengewa nafasi ya takriban megabaiti 1, na seva ndogo ya kukodi haitaki nyuzi 600 zinazopiga miayo. Mwaka 2009 Ryan Dahl alikuja na Node.js, ya kuendesha JavaScript kwenye seva: uzi mmoja unaozunguka, haumngoji mtu, unaachiwa maagizo ya kufuata jibu litakapokuja. Maagizo hayo ndiyo kolibaki. Kwa hatua moja yanapendeza. Kwa hatua 4, yaani kuangalia salio, kutuma, kuandika daftarini na kumjulisha mkulima, kila agizo linajificha ndani ya jingine, na kosa la hatua ya 3 halijulikani litashughulikiwa wapi. Dahl mwenyewe, akizungumza Berlin mwaka 2018, alisema anajuta kuondoa promisi kwenye Node.js mwezi Februari 2010, miezi michache tu baada ya kuziweka.

Promisi ni kama stakabadhi ya mizani: mkulima kaacha kahawa, fedha hajapata, lakini ana karatasi ya kudai. Juu ya promisi likajengwa neno aweiti, la kuiambia programu ingoje jibu, lililoingia C# mwaka 2012, Python 2015 na JavaScript 2017. Msimbo ukarudi kusomeka kuanzia juu kwenda chini. Lugha ya Go ilikuwa imeshachagua njia nyingine: nyuzi nyepesi ziitwazo gorutini, kila moja ikianza na kilobaiti 2 tu, mwandishi akiandika kana kwamba anangoja kama zamani. Java ilifuata njia ya namna hiyo katika toleo la 21, mwaka 2023.

Kwa mazingira ya Bukoba, kolibaki zilizorundikana hazina tena utetezi. Anayeandika leo kesho yuko Mwanza au Dar es Salaam, na anayebaki na programu ni mwingine kabisa. Aweiti inamsaidia huyo mrithi, ingawa ina mtego wake: ukilisahau neno hilo mahali pamoja, programu haingoji. Ujumbe wa “umelipwa” unamfikia mkulima kabla malipo hayajathibitishwa, na asubuhi ofisi ya chama imejaa watu. Hapo Go na Java mpya zinastahili sifa, kwa sababu kungoja ndiyo desturi yao na kutongoja ndiko kunakoandikwa waziwazi. Kijana anayeijua JavaScript tu hana sababu ya kuihama. Awe na chombo cha kukagua msimbo kinachopiga kelele neno likisahauliwa.

Lakini ubishi huu wa mitindo, ambao vijana huupenda kuliko chakula, unaficha jambo zito zaidi. Promisi na gorutini zote hukaa kwenye kumbukumbu ya seva. Seva ikizimika katikati ya kazi, stakabadhi zimeungua na kitabu cha mizani pia. Ukianza upya, ama utamlipa mtu mara mbili, ama utamruka.

Dawa yake haitegemei lugha. Kabla ombi halijatumwa, mstari uandikwe kwenye hifadhidata ukiwa na namba yake ya pekee na hali ya “inasubiri”. Jibu likifika, lipokelewe kwenye anwani tofauti na kubadili hali ya mstari ule. GePG, mfumo wa malipo ya serikali, hufanya kazi kwa mwendo huo: taasisi hutuma ankara, hupata uthibitisho kuwa imepokelewa, kisha namba ya malipo huletwa kwa mawasiliano mengine. Mfumo wa Daraja wa kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya, katika malipo ya kutoka kampuni kwenda kwa mtu, hudai anwani mbili: moja ya matokeo, nyingine ya maombi yaliyopitwa na muda.

Kwa hiyo mwenyekiti wa chama anayeuziwa programu hana haja ya kujifunza aweiti. Amwambie mwandishi aanze malipo ya majaribio, azime seva akifika mkulima wa 300, aiwashe tena, kisha aoneshe nani kalipwa, nani anasubiri na nani kakataliwa. Asipoweza kuitoa orodha hiyo, mkataba usitiwe saini msimu huu.