Muungwana ni vitendo, na vianzie nyumbani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ijumaa inapofika, wanaume wengi hupendeza. Kanzu hupigwa pasi, kofia huvaliwa, na mafuta mazuri hunukia safu nzima. Jambo hilo ni jema. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Allah ametuamrisha kuchukua mapambo yetu kila tuendapo kusali. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu mwenye nywele timutimu, na mwingine mwenye nguo chafu, akashangaa kama wamekosa cha kutengenezea nywele na maji ya kufulia. Basi anayedhani kuwa uchafu ni ucha Mungu amekosea, kama alivyokosea mwanamume anayejipamba kwa dhahabu na hariri.

Lakini tujiulize, ndugu Waislamu: mapambo haya tunamfanyia nani? Wapo wanaume ambao barazani ni waungwana waliotimia, wapole wa maneno na wepesi wa salamu. Wakishavuka kizingiti cha nyumba zao, huvua kanzu, na uungwana wakauvua pamoja nayo. Mke hupata jasho la mchana na uso uliokunjamana. Mtoto akisema, hujibiwa na baba ambaye macho yake yamo kwenye simu.

Mtume wetu hakuwa hivyo. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, kama alivyopokea Imamu Muslim, kuwa alipoingia nyumbani kwake jambo la kwanza lilikuwa kupiga mswaki. Sisi hupiga mswaki tunapotoka! Katika Sahihi Bukhari, Bibi Aisha ameeleza pia kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa sala. Na katika sifa zake imepokewa kuwa alipomgeukia mtu, aligeuka kwa mwili wake wote. Naye Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake, akitoa dalili ya aya ya 228 ya Suratul-Baqara.

Kwa hiyo, ewe baba, jioni toa salamu mlangoni, oga, vaa nguo safi, na uiweke simu mbali chakula kinapoandaliwa. Mwanao wa kiume hajifunzi uungwana kwa mawaidha; anakutazama wewe unavyosema na mama yake. Na binti yako anajifunza kwako ni mume wa namna gani atakayemridhia kesho.

Wahenga walisema muungwana ni vitendo. Tumuombe Allah azipambe tabia zetu kama alivyotujaalia kuyapamba mavazi yetu, na aturuzuku upole kwa wale tunaoishi nao. Amin.