Dhambi Isiyosameheka: Wanaofaa Kuogopa Wamelala Vizuri

Kuna ujumbe huwa unaingia kwa inboksi yangu karibu kila nikiposti kitu cha imani. Huwa unakuja usiku, saa saba, saa nane hivi. Maneno yanabadilika lakini stori ni ile ile. Kuna wazo limenipitia kichwani, tusi kwa Roho Mtakatifu, sikulitaka lakini lilikuja, na sasa silali. Nimeisha?

Wengine wako sekondari, wengine wako chuo. Kuna mmoja aliacha kushiriki Meza ya Bwana mwaka mzima, akawa anatoka nje kama anaenda choo kila mkate ukianza kupitishwa. Na hajawahi kumwambia mtu yeyote kwao, juu atasema nini? “Mama, nadhani nimemtukana Mungu kwa kichwa”?

Acha niweke msimamo wangu mezani mapema. Kama unaogopa kwamba umetenda dhambi isiyosameheka, hujaitenda. Na wale ambao onyo lile lilikuwa lao, huwa hawaogopi hata kidogo. Wanalala fofofo.

Sasa tusome, na tusome polepole, juu shida kubwa ya hii mada ni kwamba watu hubeba mistari miwili na kuacha sura nzima nyumbani. Iko Marko 3 na Mathayo 12, na Luka anaigusa kidogo sura ya 12. Vile Mathayo anasimulia, Yesu ameletewa mtu mwenye pepo, kipofu na pia bubu. Anamponya. Jamaa anaongea, anaona. Umati unashangaa na kuanza kujiuliza kama huyu ndiye Mwana wa Daudi. Ndipo wakubwa wa dini wanaingia na maelezo yao: huyu anafukuza pepo kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Marko anaongeza kwamba waliosema hivyo ni waandishi waliotoka Yerusalemu. Hao si watu wa kijijini walioshtuka wakaropoka. Ni wasomi, watu wa makao makuu, watu ambao kazi yao ilikuwa kujua Maandiko.

Angalia walichofanya. Mtu aliyekuwa amefungwa yuko mbele yao, amefunguliwa. Ushahidi unapumua. Wao wanaangalia wema ule mchana kweupe na kuupatia jina la Shetani, ili umati usimfuate Yesu. Yesu anawajibu kwanza kwa akili ya kawaida tu: Shetani akijifukuza mwenyewe, si ufalme wake umeanguka? Halafu ndiyo anatoa lile onyo.

Na hata onyo lenyewe, wahubiri wengi huanza katikati. Kabla ya kusema kuna dhambi isiyosameheka, Yesu anasema watu watasamehewa dhambi zao zote, pamoja na kufuru. Huo ndio mwanzo wa sentensi! Katika Mathayo anasema hata neno baya juu ya Mwana wa Adamu, yaani juu yake mwenyewe, lina msamaha. Halafu Marko, kama mtu aliyejua tutachanganyikiwa, anaweka maelezo mwishoni: Yesu alisema hivyo kwa sababu wale watu walikuwa wanasema ana pepo mchafu. Yaani mwandishi mwenyewe anakuonyesha onyo liliwalenga akina nani na kwa nini.

Kwa hivyo hii si neno la uchawi ambalo mdomo ukiteleza, mlango unajifunga. Mwaka wa 2006 kuna wapinga dini huko Marekani walianzisha kampeni, wakawaambia vijana wajirekodi wakimkana Roho Mtakatifu na waweke video YouTube, kama vile kutia sahihi ya kujifungia nje ya mbinguni. Wengi walifanya. Kilichonichekesha ni kwamba hao wapinga dini na wale wahubiri wa kutisha wanaisoma aya kwa njia moja: wote wanadhani ni maneno tu, unayatamka, kwisha. Marko 3 haisemi hivyo.

Ukitaka mfano wa mtu aliyekufuru kwa mdomo na kwa mikono, tafuta Paulo. Alikuwepo Stefano akipigwa mawe na akakubaliana na mauaji yale. Alienda nyumba kwa nyumba akiburuta waumini kuwapeleka jela. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo anajiita mwenyewe mkufuru wa zamani, halafu anasema alipata rehema. Petro naye alimkana Yesu mara tatu usiku mmoja, tena kwa kuapa, na baadaye ndiye alisimama kuhubiri Pentekoste. Kama hao wawili walipita, wewe na wazo lililokuja ukiwa kwa matatu ukienda shule mnaogopa nini?

Wanateolojia hawakubaliani kila kitu, na sitajifanya wanakubaliana. Kuna wanaosema dhambi hii ilihusu tu wale waliomwona Yesu kwa macho akitenda miujiza, kwa hivyo leo haiwezekani tena. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alikuwa na jibu ambalo mimi naona ndilo zito zaidi: ni moyo unaokataa kutubu mpaka kifo. Kanisa Katoliki hadi leo linaelekea huko. Linafundisha kwamba rehema ya Mungu haina mpaka, lakini mtu anaweza kukataa kwa makusudi kuipokea. Ukifikiria vizuri, ni kama mgonjwa anayesema dawa ndiyo sumu. Dawa iko. Haijaisha. Lakini atainywaje kama ameamini ni sumu? Mtu anayelia usiku akitaka kusamehewa si huyo. Yeye anaililia dawa.

Hapa nataka nikae kidogo, juu kuna kitu makanisa yetu hayaongei. Mengi ya hayo mawazo si mapepo na si uasi. Kuna ugonjwa ambao madaktari wanauita OCD, ambapo wazo usilolitaka linarudi na kurudi, na kadiri unavyolisukuma ndivyo linavyokuja na nguvu. Mwenye mtoto mchanga huona picha akimwangusha. Mwenye kumpenda Mungu huona tusi kwa Mungu. Akili inachukua kitu unachokithamini kabisa na kukutisha nacho. Upande huu wa kidini umejulikana kwa karne nyingi, na jina walilotumia lilitoka kwa neno la Kilatini la kijiwe chenye ncha, kile kinaingia kwa kiatu na kukuchoma kila hatua. Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, kilimshika mwaka wa 1522. Aliungama dhambi zake, akaungama tena, bado hakutulia, hadi akawa na mawazo ya kujiua.

Halafu kuna John Bunyan, Mwingereza aliyeandika Safari ya Msafiri, kile kitabu ambacho nyumba nyingi za walokole wanacho hata kama hawajakimaliza. Miaka kabla ya kukiandika, wazo moja lilimwandama usiku na mchana likimwambia amuuze Kristo. Alikataa, akakataa, akakataa, mpaka siku moja akachoka na kuwaza basi aende akitaka. Hapo hapo aliamini amekwisha. Alijiona kama Esau aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza. Aliteseka muda mrefu sana. Na hii sehemu ndiyo inaniuma: alimwendea mzee mmoja Mkristo, akamwambia anaogopa ametenda dhambi juu ya Roho Mtakatifu. Unajua mzee alimjibu nini? Alisema hata yeye anafikiria hivyo.

Manze. Mtu anakuja kwako akizama, unampa jiwe ashikilie.

Hayo yote Bunyan mwenyewe aliyaweka kwa kitabu kilichotoka mwaka wa 1666, akiwa jela ya Bedford kwa kosa la kuhubiri bila ruhusa. Huyo ambaye mzee alimwona ameisha. Wazee kama yule bado tuko nao, wengine wana maikrofoni. Kama unaandamwa na hayo mawazo, ongea na mtu mzima anayejua kusikiliza, na uende uone daktari wa akili au mshauri pia. Kumeza dawa ya hiyo shida si kukosa imani, kama vile kuvaa miwani si kukosa imani.

Sasa tuje kwa kitu kinachonikasirisha.

Onyo la Yesu lilikuwa kwa viongozi wa dini waliotumia cheo chao kupotosha watu. Leo ni nani anashika onyo hilo mkononi kama rungu? Viongozi wa dini. Kijana anauliza hesabu ya pesa za jengo, anaambiwa anampinga Roho Mtakatifu. Binti anasema kuna mtumishi amemgusa vibaya, anaambiwa achunge mdomo, asije akakufuru. Mtu anauliza kama ule muujiza wa kwa skrini ulithibitishwa na hospitali gani, ataskia yale maneno ya kutogusa watiwa mafuta, na baada ya hapo ni kimya.

Hayo maneno ya watiwa mafuta yanatoka Zaburi 105, na pale yanazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo wakitangatanga kwa nchi za watu, wafalme wakikatazwa kuwadhuru. Hakuna mahali panasema usiwaulize maswali. Daudi ndiye alikuwa bingwa wa kuheshimu mtiwa mafuta. Alimpata Sauli ndani ya pango, angemmaliza, akamwacha. Lakini alitoka nje ya lile pango na kumwambia Sauli makosa yake kwa sauti, watu wakiskia. Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na kuharibu mambo na mke wa Uria, nabii Nathani alienda akamwambia usoni. Daudi hakusema “unamkufuru Roho”. Alisema ametenda dhambi.

Watu wa Beroya kwa Matendo 17 walimskia Paulo akihubiri, halafu wakaenda kukagua Maandiko kila siku kuona kama anasema kweli. Walisifiwa kwa hilo. Yohana anaandika kwamba roho zijaribiwe, zisiaminiwe tu. Sasa kama Paulo alikaguliwa, huyu wa mtaani kwetu aliyeanza kanisa mwaka jana ni nani?

Tunajua mahali njia hii inaweza kufika. Mwaka wa 2023, kaunti ya Kilifi, msitu wa Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Wengi walikuwa watoto. Sisemi aya hii ndiyo ilitumika kule. Nasema ukishafundisha watu kwamba swali ni kufuru, umewatoa breki, na hujui gari litasimama wapi.

Kitu kingine kinachobandikwa hili jina ni kujiua. Nimeskia mazishi ambayo mhubiri alikataa kuomba, jeneza likashushwa haraka haraka mama akiwa hajamaliza kulia, ati huyo hana msamaha. Mstari uko wapi? Hakuna. Kanisa Katoliki, ambalo sheria yake ya mwaka wa 1917 iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa makusudi, liliondoa hilo katazo katika sheria ya mwaka wa 1983, na leo linawaombea. Hata serikali imesogea: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa hivyo jaji ameona kuna maumivu pale, na pasta bado anaona tu dhambi.

Najua kuna mtu anaandika komenti saa hii kwamba nafanya dhambi ionekane rahisi, vijana watatenda watakavyo. Soma tena. Sijasema dhambi isiyosameheka haipo. Nasema ipo, na inanitisha, lakini ikinitisha huwa sifikirii kijana aliyeamka na jasho. Nafikiria mtu anayejua ukweli, anauona mbele yake ukifungua watu, na anauita uovu kwa sababu unamharibia biashara. Anafanya hivyo Jumapili hii, na ijayo, mpaka moyo unakuwa ngozi ya kiatu. Waebrania 6 nayo, ile watu hupenda kukutumia ukirudi nyuma kidogo, inaongea kuhusu watu walioonja kila kitu halafu wakamgeuka Kristo na kumwaibisha hadharani. Kukosa ibada miezi mitatu juu ulihama Kayole ukaenda Rongai si hiyo.

Kwa hivyo kiongozi wako akikwambia swali lako limeenda kwa dhambi isiyosameheka, mwombe akusomee Marko 3 kuanzia mstari wa 20, kwa sauti, bila kuruka, na mfike pamoja mpaka wa 30. Akikataa, chukua mkoba wako. Makanisa ni mengi mtaani, na mengi yana viti.