Timu ya Chuo na Neno "Kwetu"

Wako watu wenye elimu, na baadhi yao ni waalimu wa vyuo, wasemao kwamba timu ya mpira chuoni ni mchezo wa kupotezea wakati, na ya kuwa mwanafunzi aiitaye timu hiyo kwao amekikosea adabu kijiji kilikozikwa kitovu chake. Maneno haya yamesemwa mara nyingi hata yakachukuliwa kuwa kweli. Yafaa yapingwe.

Kwanza litazamwe neno lenyewe. Asemaye "nyumbani" ataja nyumba. Asemaye "kwetu" hataji ukuta wala shamba. Ataja mahali pamoja na watu wake, na ukiwaondoa watu hao neno halisimami. Wala kitovu hakimo ndani yake. Wanaolaumu wameisahau sarufi ya lugha waisemayo kila siku.

Tena jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilienea katika miji ya pwani, Tanga ikiwamo. Walioingia humo, wengi walikuwa wageni mjini: vibarua, askari, makarani. Mtu alipougua, wenzake wa chama walimwangalia, alipokufa, walimzika. Baadaye vikaja vyama vya mpira, Young Africans mwaka 1935 huko Dar es Salaam, Coastal Union mwaka 1948 huko Tanga. Aliyeviita vyama vya namna hii upuuzi, bila shaka yeye mwenyewe alikuwa na jamaa wa kumzika.

Sasa na tupande Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kwenye ukungu na baridi ya Usambara. Mwanafunzi aliyetoka Mtwara au Kigoma hufika na shuka nyepesi, na sokoni husikia Kishambaa asichokielewa. Darasani ni jina katika orodha. Asipofika, kiti hukaa kitupu na somo huendelea. Lakini uwanjani asipofika, watu kumi huuliza yu wapi, maana upande wote wa kushoto uko wazi. Mmoja hutumwa bwenini kumtazama, akamkuta na homa. (Haidhuru kama aliyetumwa alikwenda akinung'unika, ndugu wa damu nao hunung'unika.) Basi waseme wakosoaji: ni nani mwingine mlimani pale aliyemwuliza?

Watajibu kwamba wachezaji hupita, baada ya miaka mitatu hawapo. Na ni nyumba gani isiyopitwa? Mabinti huolewa, wana huenda mijini, wazee hufa, na hakuna asemaye kwamba mji ule haukuwa kwao.

Hata hivyo wapenzi wa timu nao wasishangilie mapema. Chuo kilichoanzishwa Magamba mwaka 2007, kikapewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kilijulikana hasa kwa kuwaandaa waalimu wa elimu maalumu, yaani waalimu wa watoto viziwi, wasioona, na wengine wenye ulemavu. Mahali pa kazi kama hiyo, timu isiyo na nafasi kwa kiziwi yajikana yenyewe. Wala asiseme mtu kwamba haiwezekani: viziwi walicheza kandanda katika michezo yao ya kimataifa huko Paris mwaka 1924, miaka sita kabla ya Kombe la Dunia la kwanza. Kiziwi haisikii filimbi, lakini bendera anaiona. Asiyeona naye, akikaa kando ya uwanja na mwenzake wa kumsimulia, huujua mchezo kuliko mtazamaji mvivu. Na wasichana, ambao mara nyingi huachiwa kazi ya kupiga makofi, waulizwe kama uwanja huo ni kwao.

Nahodha asemaye "hapa ni kwetu" hali mlango ameufunga, maana yake "hapa ni kwangu". Bendera ya mwamuzi ni kipande cha kitambaa na kijiti. Basi na aseme wazi ni gharama ipi inayomzuia.